Malkia wa Chumvi Katika Ufuta wa Shangazi

Mei 15

Madam Theresia, mwalimu wetu wa Kiingereza, anasema mtu asiyeweza kusema aandike. Basi naandika. Mimi ni Mwanahija, kidato cha tatu, na darasani kuna watu hawajawahi kusikia sauti yangu isipokuwa wakati wa kuitikia jina. Si kwamba sina la kusema. Sentensi inajipanga yote kichwani, ya Kiingereza upande huu na ya Kiswahili upande ule, ila nikisimama zote mbili zinakaa chini.

Leo amenikabidhi vitabu vyote vitatu vya Chumvi ya Thelani, nikae navyo msimu mzima wa ufuta. Vinene kama tofali. Ni vyake mwenyewe, alivinunua akiwa chuo, na hakuandika popote kwamba ninavyo. Alisema tu, "Wewe najua utavirudisha." Nimerudi nyumbani nimevikumbatia kama mtoto mwenye homa. Sijui nimshukuruje mtu aliyeniamini bila kuniuliza swali. Angeniuliza nisingejibu.

Mei 17

Tumekata ufuta kwa Bi Moza. Mgongo hauinuki. Ukurasa wa 40.

Mei 23

Hapa Kiranjeranje ufuta hakati mtu mmoja. Wanawake wa mtaa wetu wanaalikana: leo kwa huyu, kesho kwa yule, mpaka mashamba yote yaishe. Matita yakishakauka wanazunguka tena kuyakung'uta. Sisi wanafunzi tunaungana nao Jumamosi na Jumapili. Shangazi Ziada, dada yake baba, ambaye ndiye ninayeishi naye, ni kama msimamizi wao ingawa hakuna aliyemchagua. Ukifunga tita vibaya hakusemi. Anakuja, analifungua mbele yako, analifunga upya, anaondoka. Bora akuseme.

Mchana, baada ya ugali, nilijificha nyuma ya matita na kitabu cha kwanza. Bi Batuli, jirani yetu, akaniona.

"Kinasema nini hicho mpaka unayachekea mabua?"

Nikakificha nyuma ya mgongo.

"Si utuambie na sisi tucheke."

Nikatafsiri mstari mmoja, kwa sauti ya mbu. Kisha wa pili. Bi Moza akainua mkono. "Hadithi haitolewi mchana. Mtoto ataota mkia."

"Hiyo ni ya mdomoni," Bi Batuli akamjibu. "Hii imeandikwa. Mkia ataota aliyeandika."

Wakasogea. Nikasimulia mpaka shangazi aliposimama na kujifunga kanga kiunoni, ishara kwamba kupumzika kumekwisha. Ni watu wanane, wote wakinitazama mdomoni, na nilikuwa bado nazungumza. Sielewi imetokeaje. Alhamdulillahi kwa yaliyotokea.

Mei 24

Nimepata namna. Nasoma ukurasa kimya, nausimulia, na pale palipo patamu natafsiri neno kwa neno, kama wale wanaotafsiri muvi kwenye vibanda vya video.

Kisa chenyewe ni hiki. Nchi ya Thelani chumvi imekwisha, na iliyobaki ipo ghalani kwa Malkia Sevrana, ambaye amefunga milango na ufunguo anauvaa shingoni. Ilka, msichana wa mfinyanzi, anatembea kwenda kuuchukua.

Hawa wanawake hawana huruma na mwandishi.

"Huyu stelingi wako Ilka analia mno," alisema Romana, aliyeolewa hapa kutoka Lindi, mdogo kuliko wote na mcheshi kuliko wote. "Chumvi anayoitafuta si anayo machoni?"

"Adui ametokea lini?" Bi Moza akauliza.

"Ukurasa wa mia na kumi."

"Amechelewa. Adui anatakiwa awepo tangu asubuhi, ili tujue tunamchukia nani."

Shangazi hakai nasi kivulini. Anakula upesi, kisha anakwenda kukagua matita.

Mei 27

Idi. Hakuna shamba. Shangazi ameacha kanga mpya kitandani kwangu, imekunjwa, bila neno. Nimevaa mpaka jioni.

Mei 30

Shangazi huniachia simu yake Jumamosi jioni. Kuna kundi la wapenzi wa vitabu hivi, watu wa nchi nyingi, na wanabishana kwa Kiingereza kama wanagombea shamba la urithi. Wengi wanasema Sevrana ni adui dhaifu kwa sababu anaongea kuliko kupigana. Wengine wanasema ndiye pekee aliye mtu mzima, wote waliobaki ni watoto wenye mapanga. Jambo moja wanakubaliana wote: katikati ya kitabu cha pili mwendo unakufa. Kurasa zaidi ya mia na hamsini watu wanatembea tu.

Sijawahi kuandika kitu humo. Naandika sentensi, naisoma mara nne, naifuta. Lakini leo nilicheka peke yangu: Bi Moza hajui hata neno moja la Kiingereza na amesema yale yale ya mtu mmoja wa Kanada, kwamba adui amechelewa kutokea.

Juni 6

Likizo. Sasa ni shamba kila siku. Kitabu cha kwanza tumekimaliza, tumeingia cha pili. Kabla yangu alikiazima Fidelis wa kidato cha nne, na ukurasa wa 212 ameandika kwa penseli: "Ruka mpaka 371. Wanatembea tu." Nimeruka. Wanawake wanataka vita, na mimi nataka wabaki kivulini wananisikiliza. Niseme ukweli, kwa kuwa hapa ndipo pa kuusemea: hata mwenyewe sijazisoma kurasa hizo.

Juni 8

Leo nilikuwa kwenye kilele cha raha, na nitakieleza chote.

Tulikuwa kwa Bi Batuli. Nilifika pale jemadari wa Sevrana anapomwomba awape askari chumvi, la sivyo atamhama. Kwa Kiingereza malkia anamjibu kwa ufupi, kwamba hambembelezi mtu anayeweza kuondoka. Nikafungua mdomo nitafsiri na maneno yakaja yenyewe:

"Mimi simbembelezi mtu mwenye miguu. Mlango ule pale."

Kisha Romana akajifunika uso kwa kanga, mabega yanatetemeka. Hapo ndipo nilipojua. Hayo ni maneno ya shangazi Ziada. Ayasemayo kwa fundi, kwa dalali, kwa kuku.

Shangazi alikuwa hatua kumi kutoka pale, anageuza matita. Bi Batuli akainua sauti makusudi.

"Kumbe Ziada ana ufalme na majirani hatuambiwi! Ndiyo maana chumvi ya nyumbani kwako haiishi, mchawi wewe!"

Ukoo wa Bi Batuli na wetu ni watani tangu mababu. Bi Batuli anaweza kumwita shangazi chochote, hata msibani, na shangazi hana ruhusa ya kununa. Kweli, shangazi akaegemea tita, akacheka mpaka akajifuta macho. "Na wewe ulivyo mweusi wa roho," akajibu, "huko Thelani ungekuwa chura." Shamba zima likavunjika mbavu.

Sijawahi kuwa chanzo cha kicheko cha watu wengi kiasi kile. Nitalala nacho.

Juni 9

Leo Sevrana nimempa kila kitu. Nimempa kanga inayorushwa begani, kidole kinachoyahesabu matita hewani, ile pumzi ya puani ya kabla ya neno. Mimi, niliyekuwa sisemi zaidi ya "present" darasani, nimesimama katikati ya watu nikatembea kama shangazi. Romana alilala chini kwa kucheka. Bi Batuli alicheka pia, mwanzoni. Kisha akaangalia chini.

Nilidhani shangazi atacheka kama jana. Alikuwa akiangalia fundo la kamba mkononi mwake. Akasema, "Hili limelegea," akaondoka kwenda upande wa pili wa shamba, ambako hakukuwa na matita yaliyolegea.

Juni 10

Lazima nieleze kitu ili hata mimi nikisoma siku nyingine nikumbuke ukubwa wake.

Mama yangu alifariki Somanga nikiwa darasa la saba. Baba yupo kambi za uvuvi muda wote, na ndugu wa pale waliona nisiendelee, nikae nyumbani nilee wadogo. Mwaka ule mvua ilikata barabara, magari yalilala pande zote mbili za maji. Shangazi aliacha gari ng'ambo, akavuka kwa miguu pamoja na wanaume waliokuwa wanabeba mizigo, akafika mlangoni amelowa mpaka kifuani. Hakukaa. Alisema, "Nimekuja kumchukua mama yangu. Ana shule." Mimi nimepewa jina la mama yake, kwa hiyo tangu nizaliwe yeye huniita mama. "Mama, umekula? Mama, taa hiyo inatosha kusomea?" Watu wengine wote anawapa amri. Mimi ananiita mama.

Jana usiku aliniita Mwanahija. Leo asubuhi pia. "Mwanahija, maji yapo." Hakufoka, hakununa. Jina tu, zima, kama la kwenye daftari la mahudhurio.

Juni 11

Tukiwa tunachambua mchicha akauliza, bila kuniangalia, "Huyo mwanamke wa kitabuni. Watu wanamchukia?"

"Ndiyo, shangazi."

"Wote?"

"Kwenye kundi la simu… wengi."

"Na wewe?"

Nikasema ndivyo mwandishi alivyotaka, achukiwe. Jibu la mtihani. Akasema "Mm," akainuka na ungo wake.

Juni 12

Sikubeba kitabu. Nilisema macho yananiuma. Romana akasema basi nisimulie bila macho. Sikuweza.

Juni 13

Mawingu yalianza saa nne. Mwezi huu mvua si yake, lakini ufuta uliosimama wazi midomo ukipigwa mvua umekwisha, mbegu zote zinabaki ardhini. Leo tulikuwa shambani kwetu. Matone ya kwanza yalipodondoka kila mtu alikimbia na turubai. Mimi nilikamata kona na Bi Moza, tukavuta, tukaweka mawe. Nilisahau kwamba kitabu cha pili, nilichokibeba tena leo nikiwa sina nia ya kukisoma, kipo juu ya ndoo.

"Kitabu cha watu!"

Ni shangazi. Aliacha upande wake wa turubai unapepea, akakimbilia ndoo, akakifunga kitabu kwenye kanga aliyojitanda na kukichomeka katikati ya matita, pale pakavu kuliko pote. Kichwa chake kikabaki wazi kwenye mvua. Matita mawili yalilowa kwa sababu ya upande ule alioacha. Aliponirudishia alisema, "Angalia kama kimepata maji, Mwanahija."

Hakikupata. Nililia chooni. Matita mawili, kwa ajili ya kitabu nilichotumia kumkejeli.

Juni 14

Nimekwenda kwa Bi Batuli peke yangu. Nilikaa kizingitini robo saa kabla sauti haijatoka.

"Shikamoo."

"Marahaba. Umechelewa kuja. Nilikutegemea juzi."

Nikamwambia nilidhani shangazi anapenda, kwa kuwa siku ya kwanza alicheka.

"Alinicheka mimi. Alilipa kicheko cha mtani wake." Alikuwa anasuka ukili wa mkeka, hakuacha. "Sikiliza, mwanangu. Mimi nikimwita Ziada mchawi nimemsalimia. Wewe ukimwita malkia umemtukana. Utani wangu si nguo, kwamba uchukue kwenye kamba uvae. Wewe ni mtoto wake."

"Nifanye nini?"

"Na mimi nina kosa, nilikufungulia mlango. Tutalibeba wawili." Akafikiri. "Huyo Sevrana wako alizaliwa na ufunguo shingoni?"

Nikasema sijui.

"Hujui? Kitabu kizima unacho na hujui?"

Ikabidi nimweleze kuhusu kurasa nilizoruka. Sasa aliuweka ukili chini. "Basi umetusengenyea mtu usiyemjua," akasema. "Kasome."

Juni 15

Nasoma 212 mpaka 371. Watu wa kundi hawakosei: hakuna upanga hata mmoja. Kuna njia, kuna vumbi, kuna nani kabeba nini.

Juni 16

Ni Sevrana. Anayetembea ni Sevrana, ana miaka kumi na minne. Nchi yao imekauka, wazazi wamekufa njiani, na ana wadogo watano na bonge moja la chumvi. Kila kijiji wanakopita mtu anataka bonge lile, na mdogo mmoja anavutwa kubaki kwa sababu kuna uji. Anawaomba. Anabembeleza, kurasa nyingi anabembeleza. Mwisho wa njia anafika peke yake na chumvi yake haijaguswa.

Mwandishi hajaandika popote kwamba inauma. Anaandika tu walitembea, wakatembea, wakatembea, na kila baada ya kurasa ishirini idadi inapungua mmoja. Ukiruka huoni. Nimefunga kitabu nikamsikia shangazi chumba cha pili akikohoa, nikaona aibu mpaka nyayoni.

Juni 17

Leo tulikung'uta kwa Bi Moza. Kazi hii ni ya kelele: tita linageuzwa kichwa chini juu ya turubai, linapigwa kwa fimbo, mbegu zinamiminika kama mvua ya mchanga. Shangazi alijiweka ukingo wa mbali kabisa wa shamba, peke yake na turubai lake.

Wakati wa kupumzika nikasimama. Nikasema niliwadanganya, kuna kurasa niliruka. Na wiki iliyopita nilimfanyia shangazi yangu mzaha ambao si haki yangu, mimi si mtani wake, mimi ni mtoto wake. Nikasema naomba radhi, na kwamba kuanzia leo nitasoma nilichoruka, chote, na nitakisoma kwa sauti ya kufika kule ukingoni.

"Kule mbali?" Romana akasema. "Utapasuka."

"Aanze kupasuka sasa," akasema Bi Batuli. "Na mimi Ziada nimekukosea, unasikia? Kesho nakuletea jogoo, chotara, mbaya kama wewe!"

Kule ukingoni fimbo iliendelea: pu, pu, pu.

Nikasoma kwa kupiga kelele. Sijawahi kupaza sauti hivyo maishani, hata nilipokuwa mdogo. Baada ya muda Bi Moza akalalamika, "Hawajafika tu? Jua linakwenda."

Fimbo ikanyamaza. Sauti ya shangazi ikavuka shamba zima.

"Waache watembee, Moza. Wewe ukitoka Kikole na mzigo huwa unafika ukishafunga kiatu?"

Nikaendelea kutoka pale pale.

Juni 18

Kurasa kumi na tisa. Koo limekauka. Romana kaniletea ndimu na chumvi, akasema ni ya magendo kutoka ghala la malkia.

Juni 20

Shangazi alikung'utia katikati ya shamba, si ukingoni. Hakuna aliyesema kitu kuhusu hilo. Jogoo wa Bi Batuli amefika kweli, ana jicho moja.

Juni 23

Leo, mdogo wa tatu alipobaki kwenye uji, Bi Moza aliyekuwa anataka mapanga alifuta pua kwa kanga na kusema ni moshi. Hakuna moto uliowashwa. Shangazi alikaa nyuma ya Romana, amenipa mgongo, anapepeta. Ungo ulikuwa mtupu.

Juni 27

Tumemaliza kitabu cha pili. Jioni shangazi aliniletea simu mwenyewe. "Hao watu wako wa nchi za nje," akasema, "bado wanasema sehemu ile ni ndefu?"

"Bado, shangazi."

"Waambie ni fupi. Watoto watano. Mwenye kuwahesabu vizuri angehitaji kurasa zaidi." Akafika mlangoni. "Ule kwanza, mama. Simu haikimbii."

Nikala mpaka sahani ikabaki nyeupe.

Kisha nikaandika kwenye kundi, mara yangu ya kwanza, kwa Kiingereza, kwamba shangazi yangu analima ufuta kusini mwa Tanzania na anasema hivyo. Sikufuta. Kabla sijalala watu wengi walikuwa wamejibu. Mmoja anasema atazisoma tena zile kurasa. Mwingine anauliza ufuta ni nini. Nashukuru kwa wote wawili.

Julai 1

Tatizo jipya. Tuko kitabu cha tatu, Sevrana yupo kwenye kila ukurasa, na mimi namwogopa. Kila akifungua kinywa namwekea tafadhali na samahani, nisije nikamgusa mtu. Leo alipowaamuru askari wachome daraja ilitoka, "Naomba kama inawezekana mlichome."

"Huyu adui gani?" Romana akasema. "Anaongea kama anaazima kiberiti."

"Amezeeka," Bi Moza akasema. "Adui akizeeka kitabu kimekwisha, tulale."

Nikafunga kitabu.

Julai 2

Tulikuwa shambani kwetu, tukikung'uta mara ya mwisho. Nilifika pale Ilka anaposimama mbele ya lango na Sevrana anamwambia ageuke arudi. Nikaanza, "Binti yangu, ingekuwa vyema…"

"Acha," akasema shangazi.

Alikuwa amekaa nasi kivulini, kwa mara ya kwanza bila kazi mkononi, miguu imenyooshwa, ufuta umemjaa kwenye nywele za mbele.

"Unamsoma kama unamwogopa. Kitabuni anasema nini? Niambie mimi sikioni."

Nikainama nikamnong'oneza. Akasikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, akarusha kanga begani. Kisha ikatoka ile pumzi ya puani.

"Wewe mtoto wa mfinyanzi. Umetembea kote huko kuja kunionyesha kwamba una miguu? Nimeiona. Irudishe ulikoitoa."

Hakuna aliyecheka. Romana alivuta miguu yake ndani, nadhani bila kujua.

"Endelea," shangazi akaniambia. "Huyo binti anajibu nini?"

Tulikwenda hivyo mpaka jua lilipopinda, mimi Ilka na watu wengine wote, shangazi Sevrana. Bi Batuli alijaribu mara moja. "Malkia, na kuku wako je, nao uliwafungia?"

"Nyamaza, chura," akasema Sevrana, na hapo ndipo tulipocheka.

Julai 4

Kesho kutwa shule. Leo tumemaliza.

Walikuja na wengine wasiokuwa kwenye mwaliko wetu, wamesikia. Ufuta umeshaingia kwenye magunia, hapakuwa na kazi, na bado walikaa pale pale shambani, juu ya mabua makavu.

Mwisho uko hivi. Milango imefunguka, watu wanabeba chumvi kwa mikono, kwa kofia, kwa nguo, na hakuna hata mmoja anayemtazama malkia. Ilka anamrudia peke yake, anauliza, "Kwa nini hukusema?" Kitabuni Sevrana anajibu kwa maneno matatu tu, kwamba malkia huwa haelezi. Halafu anakufa, kwa ukurasa mmoja na nusu.

Nikamnong'oneza shangazi hayo maneno matatu.

Hakuyasema. Alibaki anaangalia magunia. Nikadhani hakusikia, nikainama tena, akanizuia kwa kiganja.

"Ningesema nini?" akasema. Haikuwa ile sauti ya Sevrana tuliyoizoea. Ilikuwa chini, na watu wa nyuma walisogea kuisikia. "Nilijua nikifungua mtaondoka wote. Nikaona bora mnichukie mkiwa ndani."

Upepo ulikuwa unakokota mabua. Bi Moza alikuwa analia waziwazi safari hii, hakusingizia moshi.

Mimi nilikuwa nimeshika kitabu wazi mapajani. Kila mtu alinitazama, kwa kuwa mwenye kitabu ni mimi. Nikapindua ukurasa, nikasema, "Akamaliza kusema hayo, akaupeleka mkono shingoni, akauvua ufunguo." Nikaendelea kutoka hapo mpaka neno la mwisho.

Njiani kurudi tulibeba gunia moja wawili, kila mtu upande wake. Sikumwambia kwamba hata nikija kuondoka nitakuwa narudi, kwa kuwa nilijua angesema habembelezi mtu mwenye miguu. Lakini nilishika upande wangu vizuri.

Julai 5

Bi Batuli amekuja asubuhi, ati kumsalimia jogoo. Shangazi alikuwa kisimani. Akaniita barazani kwa kidole.

"Lete kile cha mwisho."

Nikakileta.

"Yale maneno ya jana. Ya bora mnichukie mkiwa ndani. Yapo?"

"Yapo, Bi Batuli."

"Nionyeshe."

Nikafungua ukurasa wa 588. Nikashusha kidole polepole, nikakiweka kwenye mstari wa sita kutoka chini, unaoeleza rangi ya lango. Akainama, akautazama mstari ule asioweza kuusoma kama anayetazama picha ya mtu anayemfahamu, akaupapasa kwa ncha ya kidole chake chenye rangi ya ukili.

"Haya," akasema, akainuka. "Nilidhani Ziada ametunga."